Doria Inakuja

Kabla hujauliza Östen Rydell alikuwa anatafuta nini katikati ya barabara ya njia nne saa moja na nusu asubuhi, uliza kwanza ni nani aliyemtuma. Sisi wa Hultaryd hatukuuliza. Tulisoma kwenye gazeti la wilaya kwamba mwindaji mmoja wa miaka hamsini na tisa ameingia barabarani bila idhini na kusababisha ajali, tukatikisa vichwa, tukafungua ukurasa wa michezo.

Aliyemtuma ni polisi. Simu ililia saa kumi na mbili na dakika hamsini, Jumanne moja ya Oktoba, Östen akiwa na kijiko cha uji mdomoni. Mkewe, Maj-Lis, alikuwa anafunga viatu mlangoni aende kazini, kwani ni mpishi wa shule ya msingi na watoto mia mbili hawangoji mtu. Alisikia kila neno, maana Östen, tangu masikio yaanze kumsumbua, huweka simu kwenye spika.

Mwanamke wa chumba cha simu cha polisi alieleza kuwa nguruwe mwitu amegongwa kwenye barabara kuu, kaskazini ya njia ya kuingilia Hultaryd. Dereva hakuweza kungoja, alikuwa na ndege ya kuwahi, lakini alikuwa amefunga utepe wa alama kwenye nguzo kama inavyotakiwa. Mnyama alikuwa hajafa. Kwa miaka kumi na tisa jina la Östen limekuwa kwenye orodha ya wawindaji wanaoitwa na polisi wakamfuatilie mnyama aliyegongwa na kummaliza asiteseke. Aliuliza swali lile analouliza kila mara: nani atapunguza mwendo wa magari?

"Doria inakuja," mwanamke alisema. "We anza tu."

Östen akachukua bunduki, akavaa kizibao cha njano kinachong'aa, akamfungulia Fia mlango wa nyuma wa gari. Fia ni mbwa mfupi wa miguu na mrefu wa mwili, na pua yake haijawahi kukosea. Kazi hiyo ina malipo, tusidanganyane, lakini hayafiki hata bei ya petroli na chakula cha mbwa. Watu huifanya kwa sababu hawapati usingizi wakijua kuna kiumbe kinagaragara msituni na mguu umevunjika.

Utepe aliuona mara moja. Ulikuwa umefungwa kwa fundo la mtu nadhifu, kwenye eneo la kupumzikia madereva, penye meza na pipa la taka. Pale hapakuwa na tone la damu. Kosa hili watu wetu wanalifanya kila wiki: utepe unatakiwa pale mnyama alipogongwa, wao wanaufunga pale walipopata pa kuegesha, halafu wanaondoka na dhamiri safi kama shuka la hoteli. Ikabidi Östen arudi nyuma kwa miguu, nje ya vyuma vya ukingo, Fia mbele na yeye nyuma, huku malori ya mbao yanampulizia upepo usoni.

Walitembea karibu kilomita nzima. Fia akasimama. Nguruwe alikuwa katikati ya barabara, kwenye ukanda wa nyasi unaotenganisha pande mbili, amelala kiubavu anahema. Kumpiga risasi pale, magari yakipita kulia na kushoto, ni jambo la mwendawazimu. Östen akapiga simu. Doria iko wapi? Sauti ilikuwa ya mwanamke yule yule: doria inakuja, ukiona unaweza kuanza, anza. Ilikuwa saa moja na dakika nane. Akangoja. Saa moja na dakika ishirini akapiga tena, akaambiwa doria iko njiani.

Doria haikuwa njiani. Ilikuwa kilomita nane kutoka pale, kwenye maegesho ya duka kubwa, inagawa viakisi mwanga vya kuning'iniza kwenye makoti. Ilikuwa wiki ya usalama barabarani. Kulikuwa na mpiga picha wa gazeti, na sinia la mikate ya mdalasini, na maofisa wawili waliokuwa wameagizwa wasiondoke mpaka mwenyekiti wa halmashauri afike apigwe picha nao. Kwenye skrini ya chumba cha simu gari lao lilionyesha rangi ya kijani, yaani lina nafasi, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kubonyeza kitufe. Watu wazima, wenye mishahara na sare, wanagawa vipande vya plastiki vya kuokoa maisha, na mtu amesimama peke yake kando ya barabara akiwangoja.

Saa moja na dakika thelathini na moja nguruwe aliinuka. Dakika arobaini na moja zilikuwa zimepita tangu simu ya kwanza. Alipepesuka, akaingia kwenye njia ya magari yanayoelekea kusini, kilo mia za nyama nyeusi kwenye mwanga ambao bado haujakamilika. Östen alimfunga Fia kwenye chuma, akaruka ukingo, akaingia barabarani akipunga mikono yote miwili. Nani asingefanya hivyo? Wapo, na wengi wao ndio waliokuja kumlaumu.

Lori la kwanza lilimwona, likashika breki. Gari dogo jeupe lililokuwa linalipita lori lile halikumwona mpaka lilipokuwa hatua chache kutoka kwake. Dereva akakata usukani, gari likapiga vyuma, likazunguka mara mbili, likatulia likiwa limeelekea lilikotoka. Lori likammaliza nguruwe. Ndani ya lile gari alikuwemo Mirsada Hodžić, mhudumu wa wazee majumbani, aliyekuwa anakwenda kumchoma mzee mmoja sindano yake ya kisukari. Nyonga ilikuwa imevunjika. Östen alimshika mkono kupitia dirisha lililopasuka mpaka gari la wagonjwa lilipofika, naye Mirsada alikuwa anarudia jambo moja tu, kwamba mzee yule hajanywa chai na hapaswi kunywa kabla ya sindano.

Polisi walifika saa mbili kasoro dakika mbili. Kiti cha nyuma cha gari lao kilikuwa bado na boksi la viakisi.

*

Siku mbili baadaye Krister Valling alikuja nyumbani kwa akina Rydell. Krister ni mkaguzi wa polisi, mtoto wa kijiji cha jirani. Östen ndiye aliyemfundisha kulenga shabaha alipokuwa na miaka kumi na mitano. Hapa kwetu kila mtu huitwa kwa jina la kwanza, hata waziri. Siku ile Krister alisimama kizingitini na karatasi mkononi akasoma, "Östen Gunnar Rydell," na Maj-Lis akajua mambo yameharibika.

Karatasi ilisema anashukiwa kwa uzembe uliosababisha madhara ya mwili. Ilisema aliingia barabarani bila idhini ya polisi. Ilisema pia kwamba mtu anayeshukiwa hivyo hawezi kukaa na silaha mpaka uamuzi utolewe, kwa hiyo wamekuja kuzichukua. Maj-Lis alikuwa tayari amemimina kahawa, kwa mazoea, kama anavyommiminia mtu yeyote anayeingia kwake. Krister akainywa amesimama, huku mwenzake, mama mmoja wa mjini ambaye hakujitambulisha, akitoa bunduki kwenye kabati la chuma moja moja na kuzilaza sakafuni. Zilikuwa nne. Moja ilikuwa ya marehemu baba yake Östen, jina lake limechongwa kwenye kitako.

"Zitakwaruzana hizo," Maj-Lis alisema, akaenda sebuleni akaleta blanketi la kochi. Alilijutia blanketi lile kwa wiki nyingi. Si kwamba alilihitaji. Ni kwamba walimfanya awasaidie.

"Krister," Östen alisema, "simu zenu zinarekodiwa. Nilipiga mara mbili. Sikiliza. Niliambiwa nianze."

"Mpelelezi ataomba rekodi akiona inahitajika."

"Mpelelezi yuko wapi?"

"Yuko likizo ya uzazi. Kesi atapewa mwingine."

"Lini?"

"Hilo si mimi ninayepanga, Östen."

"Na asubuhi ile," Maj-Lis alidakia, "wewe ulikuwa wapi?"

Swali lile halikuhitaji jibu. Gazeti lilikuwa pale pale mezani: ukurasa wa nne Krister anatabasamu na kiakisi chenye umbo la moyo, ukurasa wa tano gari jeupe lililokunjamana. Krister alitazama kikombe. Alisema alikuwa kwenye jukumu alilopangiwa. Kisha akamsainisha Östen risiti ya bunduki zake mwenyewe, akashukuru kwa kahawa. Ng'ambo ya barabara jirani alikuwa anafagia majani kwenye bustani aliyokuwa ameifagia asubuhi.

*

Sasa nifike kwetu sisi, na hapa sitajipamba. Mimi ni mmoja wa kikundi cha wawindaji cha Hultaryd, watu kumi na wanne, na Östen amekuwa kiongozi wetu kwa miaka kumi na miwili. Yeye ndiye hugawa nafasi msituni, yeye hukagua bunduki kama ziko salama, na yeye humrudisha nyumbani aliyekuja na harufu ya pombe. Msimu ulipofunguliwa wiki ile tulikaa kikao bila yeye. Mmoja akasema haitapendeza kwa kikundi. Mwingine akasema ni kwa muda tu. Tukampigia simu tukamwambia aje, asijisikie vibaya, atatusaidia kuangalia supu.

Alikuja. Mtu aliyejua kila jiwe la msitu ule alikaa kibandani kutwa nzima akikoroga supu ya njegere na nyama ya nguruwe. Tuliporudi tumelowa mmoja wetu akamwambia, "Östen, iangalie hiyo supu isije ikavuka barabara." Tukacheka. Na mimi nilicheka. Östen akatabasamu, akatupakulia, akahakikisha kila mtu amepata nyama.

Jioni Maj-Lis alimuuliza watu walisemaje. Östen akajibu kwamba supu ilikuwa nzuri.

Maj-Lis si mtu wa kuridhika na supu. Alianza kupiga simu kituoni kila siku saa tano na nusu, watoto wakiwa wanakula, amesimama kwenye stoo ya shule kati ya magunia ya viazi. Walimwekea muziki. Walimwambia yeye si mhusika wa kesi. Walimwambia Östen mwenyewe aombe kwa maandishi, akaomba, wakamjibu kwamba ombi limepokelewa. Akauliza ombi limepokelewa maana yake nini, wakamwambia maana yake ni kwamba limepokelewa. Mwishoni karani mmoja, labda kwa kuchoka, akamwaga mtama: rekodi za simu hukaa miezi miwili, kisha mashine inazifuta yenyewe, isipokuwa mpelelezi ameomba zihifadhiwe. Mpelelezi mpya alikuwa bado hajapatikana.

Basi hesabu ilikuwa rahisi. Ikifika Desemba, sauti ile iliyosema we anza tu itakuwa haipo duniani, na kitakachobaki ni karatasi ya Krister inayosema bila idhini. Östen angekuwa ndiye aliyemvunja Mirsada nyonga, kwa sheria na kwa midomo ya watu, mpaka siku anazikwa. Bunduki zilikuwa jambo dogo. Alikuwa ameanza kuacha kwenda dukani. Alikuwa ameanza kumtembeza Fia kwa njia ya nyuma, ya matope, ili asikutane na mtu.

*

Mwanzoni mwa Novemba Maj-Lis alichukua basi hadi mjini, kwenye wodi ya mazoezi ya viungo hospitalini, amebeba keki ya tufaha kwenye taulo. Hakumwambia mumewe. Mirsada alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, magongo mawili mapajani, mwanamke wa miaka arobaini na kitu mwenye nywele alizozifunga kwa haraka. Alimjua mgeni kabla hajajitaja.

Maj-Lis alisema hajaja kuomba kitu. Amekuja kwa sababu Östen hawezi kuja, ameshauriwa na wakili asikutane naye, na kwamba kila siku anauliza kama kuna aliyesikia hali yake. Mirsada alimsikiliza bila kumsaidia kwa neno. Keki ilibaki kwenye taulo.

"Polisi walikuhoji?" Maj-Lis aliuliza mwishowe.

"Walinipigia simu. Dakika tatu. Waliniuliza kama nilikuwa nimefunga mkanda."

"Ni hilo tu?"

"Na kama nilikuwa nimelala vizuri." Mirsada aligeuza kiti kidogo wakaonana uso kwa uso. "Sikia, mimi nimeendesha barabara ile miaka kumi na moja. Ningeona taa za bluu ningepunguza. Kila mtu hupunguza. Sikuona taa, nikaona mtu. Mzee wangu yule alikaa bila sindano mpaka mchana, akapelekwa hospitali, na binti yake ananilaumu mimi."

"Östen aliambiwa doria inakuja."

"Hivyo ndivyo anavyosema yeye."

"Hivyo ndivyo nilivyosikia mimi kwa masikio yangu."

"Wewe ni mkewe," Mirsada alisema, bila ubaya. "Mimi nimekaa hapa na nyonga ya chuma na sijui nimkasirikie nani. Usiku namkasirikia mumeo. Asubuhi nakumbuka alivyonishika mkono, nashindwa. Niletee kitu kilichoandikwa, nijue. Keki sina haja nayo."

Maj-Lis alirudi nayo kwenye basi, nzima, mapajani.

*

Jumapili ya mwisho ya Novemba, saa tatu asubuhi, simu ya Östen ililia. Ilikuwa namba ya polisi. Wote wawili walidhani mpelelezi amepatikana, na Maj-Lis akazima jiko ili asikie vizuri.

Haikuwa ya mpelelezi. Ilitoka chumba cha simu, kwa kijana mchangamfu mwenye sauti ya mtu aliyelala vizuri. Paa jike amegongwa kwenye barabara kuu, upande wa kusini, karibu na daraja. Miguu ya nyuma imevunjika, yuko mtaroni, analia, watu wanasimamisha magari kumtazama na itatokea ajali nyingine. Östen ana mbwa na yuko kilomita nne, je, anaweza kutoka?

Östen akainamia simu.

"Unajua unaongea na nani?"

"Östen Rydell, Hultaryd. Uko wa tatu kwenye orodha."

"Mmenichukulia bunduki. Wiki ya saba hii. Nashukiwa kumvunja mtu nyonga kwenye barabara hiyo hiyo."

Wakasikia vidole vinagonga vitufe. "Hapa kwangu haionyeshi hivyo," kijana alisema. "Hapa inaonyesha una nafasi. Doria inakuja, we anza tu."

Nimemwuliza Östen alijisikiaje pale, akasema alitaka kucheka akashindwa. Maj-Lis ndiye aliyechukua simu. Aliongea taratibu, kama anavyoongea na mtoto aliyemwaga maziwa kwa makusudi.

"Mimi ni mkewe. Andika ninachosema. Haingii mtu barabara hiyo mpaka gari la polisi liwe limesimama pale, taa zinawaka, na magari yamesimama. Na bunduki yake ije ndani ya gari hilo, maana mnayo ninyi. Mnyama anateseka sasa hivi, na wanaomtesa ni ninyi. Umeandika?"

Kijana akasema ameandika.

Wakaenda, na Fia, wakasimama mbali, nje ya vyuma. Hata mtu akitaka kuondoka hawezi akishasikia paa analia. Sauti yake inafanana mno na ya mtoto. Nami najua yaliyofuata kwa sababu nilikuwa natoka kwa dada yangu, na polisi walipofunga barabara mimi nilikuwa gari la nne kwenye foleni.

Doria ilifika kwa dakika tisa tangu simu ile ikatwe. Dakika tisa, Jumapili, bila mikate wala mpiga picha. Krister aliliweka gari mshazari kwenye njia zote mbili, taa za bluu zikaanza kuzunguka, na barabara nzima ikasimama kama maji yaliyozibwa. Ilikuwa rahisi namna ile. Nilikaa kwenye gari langu nikaona jinsi ilivyo rahisi, na hasira ikanipanda.

Krister alitoa bunduki moja ya Östen nyuma ya gari, ile ya marehemu baba yake. Alieleza kwamba bosi wake amekubali, mara hii moja, chini ya usimamizi. Bastola yake mwenyewe hakuiamini kwa kazi ile. Östen akaipokea. Akaikagua, akaweka risasi, akateremka mtaroni, akaongea na yule paa kidogo kwa sauti ya chini. Mlio ulikuwa mmoja. Kisha akapanda juu, akatoa ganda, akahakikisha chemba iko tupu. Krister alikuwa ameshanyoosha mkono.

Östen akampa. Mzee mzima, mbele ya magari yale yote, akaikabidhi bunduki ya baba yake kwa mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kulenga.

Nilikuwa nimeshusha kioo, kwa hiyo nilisikia.

"Ndiyo basi?" Maj-Lis aliuliza. "Kazi imeisha, mnaondoka nayo?"

"Mpaka uamuzi utolewe."

"Uamuzi gani, Krister? Sauti inafutwa baada ya wiki mbili."

Krister alitazama chini, akashusha sauti. Nadhani alitaka kumpa kitu, kama mtu anavyotoa sarafu. "Haitafutwa. Nimeomba ihifadhiwe, ingawa mimi si mpelelezi. Nimeisikiliza, Maj-Lis. Inasema kama anavyosema yeye."

"Umeisikiliza lini?"

Krister akafunga mlango wa nyuma wa gari.

"Lini?"

"Jioni ya siku ya ajali."

"Kabla hujaja nyumbani kwangu."

"Kabla. Niliamriwa kuchukua silaha. Sikuamriwa kutoa maoni."

Östen aligeuka akamtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyekamatwa akidanganya, na hilo ndilo liliniuma zaidi ya yote. Wiki saba mtu yule alitembea kwenye matope. Wiki saba alikoroga supu na kukubali mzaha. Na wakati wote huo ukweli ulikuwa umekaa kimya kifuani mwa mtu mwenye sare, ukingoja kuulizwa na ofisi.

Maj-Lis alitembea mpaka mbele ya gari la polisi, kwenye njia ya kushoto, akasimama pale pale katikati na kukunja mikono.

"Andika," alisema.

"Maj-Lis, toka barabarani. Watu wanangoja."

"Mume wangu alingoja dakika arobaini na moja. Andika uliyoyasikia, weka tarehe, weka saini. Barabara hii haifunguliwi kabla."

Krister alimwambia anavunja sheria. Maj-Lis akakubali kwamba anavunja. Krister akamwambia atamwondoa kwa nguvu. Maj-Lis akamjibu amwondoe basi, na huku akaonyesha kwa kidevu foleni iliyofika mpaka darajani, ambako nusu ya madereva walikuwa wameinua simu zao. Nyuma mtu akapiga honi, jambo ambalo hapa kwetu halifanywi, kisha mwingine. Nikatoka garini. Nikaenda nikasimama karibu na Maj-Lis, hatua moja nyuma yake. Lilikuwa jambo dogo na lilikuwa limechelewa wiki saba, na yeye hata hakugeuka kunitazama.

Krister akatoa karatasi, akaandika juu ya boneti. Maj-Lis akaisoma. Ilisema mpiga simu aliachiwa atathmini hali ya barabara mwenyewe. Akamrudishia.

"Hawakusema hivyo. Andika walivyosema."

Akaikata sentensi ile, akaandika upya: kwamba yeye, Krister Valling, amesikiliza simu za siku ile, na kwamba Östen Rydell aliambiwa doria inakuja, we anza tu. Aliandika saa aliyoambiwa, na saa doria ilipofika. Akaweka jina, namba yake ya kazi, saini.

Kisha, kwa sababu ni mtu wa taratibu, au kwa sababu alihitaji kushinda kitu fulani asubuhi ile, akafungua kitabu chake cha faini, akamwandikia Maj-Lis moja ya kuzuia magari kwenye barabara kuu. Maj-Lis akaipokea, akaisoma nayo mpaka chini, bila haraka, magari yote yakimngoja.

"Hii nitailipa kesho," alisema. Ile nyingine akaikunja mara mbili, akaiingiza ndani ya koti. "Hii anaisoma Mirsada leo."

Ndipo akatoka barabarani.